Daftari la Mstari wa Tatu

Zawadi alinipigia simu asubuhi, kabla sijafungua madirisha. Alisema, "Bi Hadija ametutoka jana alasiri. Kama unataka kumuwahi, panda gari sasa hivi." Sikumuwahi. Nilipofika Rumonge walikuwa wameshamzika, na wanawake wamekaa kwenye mikeka uani. Ua ulikuwa uleule, isipokuwa ukuta wa upande wa ziwa haupo tena. Maji yamepanda na kuuangusha. Nilipewa nafasi kati ya Zawadi na binti wa marehemu, Nuru, ambaye sasa ana watoto wakubwa na mikono mipana kama ya mama yake. Tuliletewa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Watu walimtaja marehemu kwa mambo yake: pilau yake, ukali wake kwa wauza samaki wa ndagala, tabia yake ya kutuma sahani kwa jirani kabla ya kula mwenyewe. Kisha bibi mmoja upande wa pili wa mkeka akasema, "Na alipenda kutazama watu wakicheza, huyu. Yeye mwenyewe tu ndiye hakujaaliwa." Zawadi aliangalia kikombe chake. Nuru akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi: "Zena, wewe ulikuwepo. Kwa nini mama alikaa siku ya harusi yangu? Baba aliondoka bila kuniambia, na yeye sasa ameondoka." Nilimwambia si maneno ya mkekani. Nimemwandikia haya nilipotulia, siku kwa siku, kama ninavyoyakumbuka.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na minane, nasoma lise, shule ya sekondari, na kila Jumamosi na Jumapili nilikuwa hangari, ghala tulimojifunzia kucheza. Ilikuwa hangari ya tajiri mmoja wa mawese, kwenye barabara ya kuteremkia ziwani. Siku za kazi ilijaa bido, madumu ya njano ya lita ishirini, zikingoja lori la Bujumbura. Mwisho wa wiki bido zilisogezwa ukutani, zikapangwa hadi usawa wa kifua, na sakafu ikabaki yetu. Sakafu hiyo ya saruji ilikuwa imekunywa mafuta miaka mingi, kwa hiyo kabla ya kila darasa tulimwaga majivu tukafagia, tukamwaga tena tukafagia, na bado mtu akisahau alijikuta amekaa chini. Harufu ya mawese ilishika kwenye nywele. Zawadi, ambaye watu wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, na alikuwa akiimba kwaya, alisema kanisani wanajua amefika kabla hajafungua mdomo. Madirisha yalikuwa mawili, ya juu, yenye nondo, na jua la mchana liliingia kwa vipande viwili vilivyotembea sakafuni. Tusiokuwa na saa tulijua wakati kwa vipande hivyo. Kioo hakikuwepo. Ngoma nazo hazikuwepo, maana kupiga ngoma ni kazi ya wanaume na zina wenyewe. Mwalimu wetu alipiga bido tupu kwa viganja. Miezi ya baridi, mafuta yaliyobaki chini yakiganda, bido hutoa sauti nzito, naye alikuwa akizigonga moja baada ya nyingine mpaka apate anayoitaka.

Tulimwita Madamu Espe. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Uvira, mwenye sauti kavu, ambaye hakumsifu mtu hadharani hata mara moja. Watoto walikuja Jumamosi asubuhi, vijana Jumamosi alasiri, na Jumapili baada ya adhuhuri ilikuwa zamu ya wanawake wakubwa, mlango umefungwa na kitenge kimetundikwa juu ya ufa wa mbao, maana waume zao hawakutakiwa kujua. Kila kundi lilikuwa na mistari mitatu iliyochorwa kwa chaki: wa kwanza karibu na madirisha, kwa wanaojua, wa pili kwa wanaojikwaa, wa tatu mlangoni, kwa wanaoanza. Madamu hakufundisha kwa kusimama mbele yako na kukuonyesha. Alisema ukimtazama mtu usoni, kulia kwake ni kushoto kwako, na utakufa ukikosea. Kila mstari ulikuwa na kiongozi aliyewapa wengine mgongo, nao walifuata visigino vyake. "Banamama, musiangalie chini," alikuwa akisema. "Chini hakuna kitu. Angalia visigino ya ule iko mbele yako." Kiongozi naye hakuruhusiwa kugeuka nyuma, kwa sababu akigeuza shingo mwili unafuata, na mstari mzima unapinda. Alitakiwa kujua kwa masikio. Miguu kumi na minne ikitua kwa sauti moja, mstari umeiva. Madamu mwenyewe alipotupima aligeukia ukuta, akafumba macho na kusikiliza.

Mwanzoni mwa kiangazi alinipa niongoze mstari wa tatu wa wanawake wakubwa. Hata leo sijui kama kuna cheo nilichowahi kukitaka kuliko kile. Zawadi alikuwa mchezaji bora kuliko mimi, na sote tulilijua hilo, lakini yeye aliongoza watoto. Mimi nilipewa watu wazima. Madamu aliniambia pia niandike kaye, ndivyo tulivyoita daftari, ili ajue nani amekuja, nani amekosa, nani ni wa kupanda mstari. Nilinunua kaye yenye jalada la bluu na nikapiga mistari kwa rula. Wanawake wangu walikuwa saba, wote wa mtaa wetu wa Waswahili, na kwenye kuandika majina nikakwama. Msichana haandiki "Hadija" hivihivi, kama anayeandika jina la mwenzake wa darasani. Kuandika Mama Fulani kungefaa, lakini watatu kati ya saba wote walikuwa Mama Asha. Kwa hiyo nilifanya ambavyo msichana yeyote wa mtaa wetu aliyelelewa vizuri angefanya: nikaandika mke wa nani. Mke wa Haji wa chumvi. Mke wa Rajabu fundi. Mke wa Mzee Shabani. Niliona ni adabu, tena ni usahihi, hakuna atakayewachanganya. Na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuona vitu na siwezi kuviona nikaviacha, chini ya kila jina niliandika nilichokiona na nilichokisikia. Ya Bi Hadija naijua kwa moyo mpaka leo: "Mke wa Mzee Shabani. Mzito kiunoni. Goti la kushoto halikunji, anaficha. Akigeuka anachelewa. Anajitahidi kuliko wote. Abaki mstari wa tatu."

Bi Hadija alikuwa na sababu ya kujitahidi. Nuru alikuwa anaolewa na kijana wa Buyenzi, Bujumbura, na harusi iliwekwa baada ya Jumapili nne. Kwetu, bibi harusi hutolewa chumbani na mstari wa wanawake wanaocheza hatua zilezile, taratibu, mpaka mkekani mbele ya wakwe, na mama yake huwa ndani ya mstari huo. Jumapili moja tulikuwa tumepumzika tukiwa tumeegemea bido, tunakula mandazi, na mke wa Haji, ambaye mdomo wake haukuwa na pazia, akamwambia, "Mama Nuru, si ukae tu kwenye kiti upokewe kama malkia? Kwa nini ujitese na hilo goti?"

"Goti gani? Goti langu halina kitu," alisema Bi Hadija.

"Basi kiatu ndicho kinachochechemea."

Walicheka wote, na yeye alicheka. Kisha akafuta vidole kwa ncha ya kitenge na kusema, "Mimi nilipoolewa, mama yangu alikaa. Aliumwa mgongo. Wakwe wakasema mama hakuridhika, ndiyo maana hakucheza. Neno hilo nimeishi nalo miaka ishirini na miwili. Likitokea ugomvi wa chungu, linatoka. Mtoto akiumwa, linatoka. Nuru hatalisikia." Mke wa Haji akamkatia nusu ya andazi lake. Madamu Espe, aliyekuwa amekaa juu ya bido kama ndege, alisema bila kutuangalia kwamba mstari wa tatu ukiweza kuvuka ukumbi kutoka mlangoni hadi madirishani kwa sauti moja, Jumapili ya kabla ya harusi, wote saba wataingia kwenye mstari wa bibi harusi. Ukishindwa, hakuna hata mmoja. "Mimi sitapeleka mutu akachekwe na watu ya Bujumbura," alisema.

Jumapili mbili kabla ya harusi tulivuka mara tatu, na mara ya tatu nilisikia nyuma yangu miguu ikitua kama mguu mmoja, isipokuwa kwenye kugeuka. Nilitoka nimelewa furaha. Nilikuwa nimefika kisimani nilipokumbuka kwamba nimeacha kaye juu ya bido. Nilirudi mbio, mlango ulikuwa umeshafungwa kwa kufuli. Kesho yake nilitoroka saa ya mwisho ya masomo nikaenda hangari. Bido zote zilikuwa zimepakiwa, lori limeondoka, na sakafu ni tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Mpakiaji mmoja aliyekuwa anafunga kamba aliniambia, "Kaye ya bluu? Karani Yusufu aliichukua. Alisema iko na majina ya wafanyabiashara, lazima ni ya mzigo." Nilienda nyumbani kwa Karani Yusufu, aliyehesabu mzigo wa tajiri. Mkewe alisema amekwenda Kizuka kwenye vinu vya mawese na atarudi Alhamisi. Nilimuuliza kama ameacha vitu. Alisema, "Ameondoka na mkoba wake. Kwani una shida gani, binti?"

Kuanzia Jumatatu ile mpaka Ijumaa nilikuwa na siku nne, na niliambiwa cha kufanya. Zawadi alinikuta nimekaa nyuma ya jiko lao, sijagusa ugali na mboga ya lengalenga niliyowekewa, akanikamua mpaka nikasema. "Uliandika bamama ya watu kwa majina ya mabwana yao?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Na ukaandika na viuno?" Nikasema ndiyo. Akaweka mwiko chini. "Weye Zena, unaandika watu kama polisi. Enda umwambie Madamu leo. Halafu uwaambie wenyewe. Wakijua mbele, watapanga la kusema." Nilimjibu kwamba Karani ni mtu mzima, akisoma atajua si ya mzigo na ataifunga. Nilimjibu kwamba nikisema, Madamu ataninyang'anya mstari zikiwa zimebaki siku chache tu, na wanawake watavukaje bila kiongozi waliyemzoea? Zawadi aliokota mwiko wake. "Unasema banamama," alisema, "lakini naona unajisemea weye." Nilikasirika nikaondoka. Alikuwa amesema kweli, na huo ndio ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kujua kwamba naweza kuona kila mtu sawasawa isipokuwa mimi. Wiki hiyo nilikutana na Bi Hadija. Alikuwa sokoni, amebeba mukeke wawili kwenye beseni. Alinivuta pembeni ya meza za samaki, akatazama kulia na kushoto, akanionyesha kugeuka kwake kushoto. Alichelewa kidogo tu, kidogo mno. "Nimefanya jikoni, mara mia," alisema. "Umeona?" Nilisema nimeona. Ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia, na niliiacha ipite na harufu ya samaki.

Ijumaa baada ya swala nilitumwa kupeleka sinia la sambusa kwa muuza kahawa, pale wanaume wa mtaa wanapokaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Nilipokaribia nilisikia kicheko, kisha nikasikia sauti ya Karani Yusufu, na maneno aliyokuwa akiyasema yalikuwa yangu. "Niliikuta juu ya mzigo, wazee, ina majina yenu, nikasema niwaletee wenyewe. Sikiliza sasa: 'Mke wa Haji wa chumvi. Mwepesi, anapenda kuonekana. Apande mstari wa pili.'" Haji mwenyewe alicheka kuliko wote, akapiga goti lake. "Huyo ni yeye kabisa. Ni nani huyo anayemjua mke wangu hivyo? Endelea." Karani akaendelea. "'Mke wa Rajabu fundi. Anacheza vizuri akidhani hatazamwi.'" Hapo kicheko kilipungua, kwa sababu neno kucheza lilikuwa limeshatajwa, na Rajabu hakucheka. Mtu mmoja akauliza, "Wanacheza wapi?" Mwingine akasema, "Hangari, kwa yule mwanamke wa Uvira. Kwani hujui?" Karani alifunua ukurasa, akaona jina lililofuata, na akaanza kuifunga kaye. Mzee Shabani alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia magotini, kikombe mkononi. Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, mtu ambaye vijana walizima redio akipita. Alisema, "Soma. Umewasomea wenzangu." Karani akasoma. Mzito kiunoni. Goti la kushoto halikunji, anaficha. Abaki mstari wa tatu. Muuza kahawa aliacha kuosha vikombe. Mzee Shabani aliweka kikombe chake chini polepole, akanyoosha mkono, akapewa kaye, akaiweka ndani ya kanzu. Kisha akaniona mimi nimesimama na sinia. "Weka sambusa, binti," alisema. "Zinapoa."

Jumamosi asubuhi niliwahi hangari kabla ya watoto. Madamu Espe alikuwa anamwaga majivu. Hakusimama wala hakupandisha sauti. "Nimesikia jana kwa watu watatu," alisema. "Kwako sikusikia." Nilianza kueleza habari za majina, kwamba Mama Asha walikuwa watatu, kwamba nilitaka kuwaheshimu. Alisema, "Ile ya majina nakuelewa. Hata mimi labda ningefanya. Mimi nauliza Jumatatu. Jumatatu ulikuwa wapi? Jumanne ulikuwa wapi?" Nilimwambia anifukuze. "Kukufukuza ni kazi rahisi. Utalia siku mbili, halafu utapata kitu kingine ya kuandika. Hapana. Utaenda kwa kila mama, mulango kwa mulango, leo. Utamwambia kwa kinywa chako ile uliandika juu yake. Asisikie kwa bwana, asisikie kwa jirani. Asikie kwako. Halafu kesho utakuja hapa, utasimama mbele ya mustari, na ule atakuja, atakuja."

Kwa Haji mke wake alinipokea mlangoni akicheka, akaniuliza kama kweli niliandika apande mstari wa pili, na nilipokubali aliniambia nirudie, akaita na dada yake asikie. Kwa Rajabu fundi nilisimama uani wakati mashine ya kushona inapiga ndani, na mkewe alinisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa anaupepeta. Nilipomaliza alisema, "Akidhani hatazamwi. Sasa nitadhani vipi tena?" Aliendelea kupepeta. Wa tatu alinisikiliza akiwa amesimama kizingitini, kisha akarudi ndani kwa wanawe. Mlango wa nne ulifunguliwa na mama mkwe, nikalazimika kukaa na kula muhogo na maharage mbele yake, tukiongelea masomo yangu, mpaka alipoinuka kwenda kuswali. Mke wa nyumba aliniambia harakaharaka, kwa mdomo usiosogea, "Nimekuelewa, nenda zako, usirudi hapa." Wa tano alifunga mlango kabla sijasema neno. Wa sita alilia, naye nilikuwa nimemwandika vizuri. Nilikuwa naona aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na hofu moja tu, na kila mlango uliofungwa uliniweka karibu nayo. Nyumba ya Bi Hadija niliiacha mwisho.

Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachagua maharage. Mguu wa kushoto alikuwa ameunyoosha mbele yake, na chumba kilinuka dawa ya kukanda. Kaye yangu ya bluu ilikuwa kwenye rafu, kati ya chumvi na kibiriti. Nilianza kusema, akainua kidole, akaionyesha rafu. "Isome. Wenzangu wote wamesikia, mimi bado. Mimi sijui kusoma herufi zenu hizi, Kurani tu." Nilisoma. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudie sentensi ile ya kujitahidi, nikairudia.

"Ni kweli yote," alisema. "Huna hata uongo mmoja humo. Ungeandika uongo ingekuwa rahisi." Alitupa maharage mabovu matatu mlangoni. "Unadhani mume wangu hakuwa anajua?"

Nilisema sijui.

"Jumapili narudi nanuka mawese, majivu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na sisi hatuna kinu. Ananiuliza, 'Mgonjwa anaendeleaje?' Namwambia, 'Anaendelea.' Mgonjwa gani? Hakuna mgonjwa. Tumemuuguza pamoja miezi miwili. Wiki iliyopita ameniambia, 'Mpelekee na machungwa.'" Alicheka kidogo, kicheko kikafa. "Ningecheza harusini, naye angesema, ahaa, kumbe mama Nuru anajua. Mbele ya watu angeshangaa. Alikuwa tayari kushangaa. Sasa wamemsomea. Sasa watu wanajua kwamba anajua. Nikicheza, ni yeye amenituma hangari kwa mikono yake, na kesho anasimama safu ya mbele msikitini. Hawezi. Unanielewa? Siyo hataki. Hawezi."

Nilimwambia nitakwenda kwa Mzee Shabani, nitapiga magoti. Alisema, "Utamfanya alitaje mara ya pili. Mwache." Kisha akaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili na kuusogeza, kama anasogeza kitu cha mtu mwingine. "Jana alirudi, hakula. Alikaa pale ulipo. Nikangoja matusi. Akaniuliza, 'Ni goti gani?' Miaka ishirini na miwili hajui lina shida, nimemficha asije akasema ameoa kilema. Akachukua dawa akanikanda mwenyewe, kimya. Alipomaliza akanawa mikono, akasema, 'Usirudi kule. Na harusini ukae.'" Aliinua ungo na kuupuliza. "Sasa nitolee kitabu chako nyumbani kwangu. Na kesho uende. Wanaokuja wavushe."

Walikuja wanne. Madamu aligeukia ukuta, akapiga bido, nikawavusha. Nilisikia miguu minane ikitua pamoja, hata kwenye kugeuka, maana aliyekuwa anachelewa hakuwepo. Madamu alisema, "Imetosha," na kwake hiyo ilikuwa sifa. Mke wa Rajabu alikuwa miongoni mwa wanne. Hakuna aliyenisemesha.

Siku ya harusi ua ulijaa mapema. Shangazi za bwana harusi walikaa upande wa ziwa, wamevaa vitenge vya rangi moja, wanawake wakubwa wenye macho ya kupima. Bi Hadija alikaa kwenye kiti upande wa pili, amevaa nguo mpya ya kijani, mikono mapajani. Nilipokuwa napita kwenda chumbani nilimsikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake, "Mama mtu amekaa. Unaona?" na mwenzake akasema, "Naona." Tulimtoa Nuru. Mimi nilitangulia, Zawadi na wenzake wa mstari wa kwanza nyuma yangu, wale wanne nyuma yao, na Nuru katikati, kichwa kimeinama chini ya kitambaa, haoni kitu isipokuwa ardhi. Wanawake walipiga makofi na vigelegele. Niliweka macho mbele kama nilivyofundishwa. Lakini njia ya mkekani ilikata kona mbele ya kile kiti, na kwenye kona, bila kugeuza shingo, nilimwona. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mgeni. Chini, mahali nguo ya kijani ilipogusa mkeka, visigino vyake vilikuwa vinanyanyuka na kushuka. Alikuwa nasi. Hatua mbili, kusimama, hatua mbili. Kona ilipofika mguu wa kushoto uligeuka chini ya nguo, na haukuchelewa.

Nilipunguza mwendo bila kukusudia, na nikahisi mstari wote nyuma yangu unapunguza. Shangazi mmoja wa upande wa ziwa alikuwa ananitazama, na niliona macho yake yanaanza kufuata yangu, yanashuka, kuelekea kwenye kiti. Akiviona visigino vile, neno lingemfikia Mzee Shabani mara ya pili. Nikainua uso, nikatazama ng'ambo yake, kwenye ukuta mtupu, nikatabasamu kama niliyeona mtu ninayemjua. Akageuka kutazama ukuta. Tukapita.